Nati Alizokaza Mwinyijuma

Nimesema na narudia: nati zile sikuzikaza mimi. Mimi, Mtoro, nimetengeneza malori ya Chalinze miaka kumi na tisa hapa Bagamoyo, na hakuna aliyewahi kunirudishia kazi. Akaja Mwinyijuma na kigari chake cha spoti, chekundu, viti viwili, hakina paa, akanichafulia jina kwa siku moja.

Gari lisilo na paa hulegea upesi. Barabara ya Dar ilikuwa imelitikisa hadi milango ikagoma kufunga. Mwinyijuma akaagiza Ulaya chuma cha kukazia chesisi, kile kiunzi cha chini cha gari: pao nene lenye matundu manne, la kufungwa chini kutoka ubavu hadi ubavu. Kitu kizuri, sikatai. Nikapandisha gari kwa jeki, nikatoboa, nikapachika chuma, nikatia nati kwa vidole tu. Kisha nikamwambia tulishushe, magurudumu yakanyage mbao, watu wawili wakae vitini, ndipo nijipenyeze chini nikaze. Gari lililo juu ya jeki huwa limejipinda. Ukilikaza hivyo, litabaki hivyo. Hata kitanda cha kamba hakiwambwi mguu mmoja ukiwa hewani, na hilo kila aliyezaliwa mji huu analijua.

Mwinyijuma hakulijua, au alijitia hajui. Ilikuwa Ijumaa, ana haraka ya harusi Mapinga. Akasema hawezi kwenda barazani kuwaomba watu wazima waje kumkalia gari. Nikakataa kukaza. Basi akavua kanzu, akabaki na msuli, akachukua spana yangu mwenyewe, akaingia chini akakaza zote nne. Nami nikasimama nikimtazama. Kosa langu ni hilo, silifichi: ningemnyang'anya ile spana.

Karibu na Mapinga mlango wa kushoto ukafunguka gari likienda, shangazi yake nusura aanguke barabarani. Aliporudi akaenda moja kwa moja barazani, akawaambia watu Mtoro si fundi, ni mharibifu. Wakacheka. Kufika Jumatatu, malori mawili yalipita mbele ya uwanja wangu bila kusimama, na madereva wake nimewafanyia kazi tangu hawajaota ndevu.

Jumanne adhuhuri, watu wamelala, Mwinyijuma akaingia na gari lake kwa lango la uani. Sauti imekuwa laini ghafla. Akaniomba nilirekebishe gari, mambo yaishe kimyakimya.

"Nitalirekebisha," nikamwambia. "Lakini wa kukaa vitini nachagua mimi. Waite waliocheka."

Akaenda. Alirudi na Mzee Mwinyimvua, mkubwa wa baraza, na Kombo muuza kahawa. Nikampa mzee shikamoo yake, akaitikia marahaba, wakapanda garini, magurudumu yamekanyaga mbao. Nikajipenyeza chini, nikalegeza nati. Chuma kililia kikaruka kwa ule mkazo uliokuwa umefungiwa ndani yake. Kilipotulia, nikakaza upya. Kombo akaufunga mlango kwa kidole kimoja, akaufungua, akaufunga tena.

Mzee Mwinyimvua akainama upande wangu. "Fundi, kama kazi yenyewe ni hii, mbona Ijumaa hukutuita?"

Nilitoka chini ya gari nikajifuta mikono. Jibu nilikuwa nalo, lakini nilimwachia mwenyewe. Nilimtazama Mwinyijuma, naye akatazama viatu vyake.

"Alitaka tuwaite," akasema. "Mimi ndiye niliyekataa. Nati nilikaza mimi."

Mzee akashuka garini polepole, akaweka kofia yake sawa.

"Siku ile tulipocheka tulikuwa wengi, mwanangu. Twende ukawaambie na wenzetu."

Wakaenda kwa miguu, watu watatu, Mwinyijuma katikati. Gari wakaniachia uani, milango yote miwili imefungwa.