Miche Ishirini ya Mzee Mshamu

Zamda alipokuja Bungu kuwasalimia wazazi wake, akitokea Mufindi alikoolewa, hakuleta kitenge wala gunia la viazi. Alileta miche arobaini ya chai kwenye viriba.

"Chai huku tunainywa, mwanangu, hatuilimi," baba yake, Mzee Mshamu, alimwambia. "Kwa joto hili itachemka yenyewe shambani."

Mama yake, Bi Siti, hakubishana. Zamda aliporudi kwa mumewe, Bi Siti aliezeka kibanda cha makuti karibu na kisima, akaipanga miche kivulini, kisha akamfuata bwana shamba, kijana mpole aitwaye Hemedy. Hemedy akamfundisha kutengeneza maji ya kuamsha mimea: majani ya mlonge yaliyotwangwa, pamoja na mwani ulioletwa na boti za Mafia pale Nyamisati, vyote vikavundikwa ndooni siku saba. Siku ya nne nyumba ilinuka kama pweza aliyesahaulika juani.

"Hiki ni kilimo au uganga?" Mzee Mshamu akauliza, amejiziba pua kwa kofia yake.

Hemedy akashauri wajaribu kwa haki. Miche ishirini Bi Siti aipulizie dawa yake, kikombe kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Ishirini mingine Mzee Mshamu aimwagilie maji matupu ya kisima. Wakawekeana sharti: atakayeshindwa atapika mwezi mzima. Mzee, ambaye hajawahi kusonga ugali tangu azaliwe, aliafiki upesi. Alijua yote itakufa, na penye msiba hakuna mshindi.

Ya Bi Siti haikufa. Wiki ya tatu ilitoa majani mapya, laini, yanang'aa kama yamepakwa samli. Ya mzee ilidumaa tu, imeinama kama wageni wasiokaribishwa. Mzee akaanza kunusa moshi wa jikoni.

Asubuhi moja Bi Siti alipokwenda kuhani msiba, mumewe aliifunua ile ndoo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama kikombe kilichozimuliwa kinafanya haya, kikombe kisichozimuliwa kitafanya maajabu. Kila mche wake akaupa kikombe kizima, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akaenda kucheza bao.

Siku mbili baadaye majani yalikuwa yameungua kingo. Hemedy akaitwa, akachuchumaa, akakuna kichwa.

"Mzee, umeimwagia nini hii?"

"Maji ya kisima, mwanangu. Matupu."

"Basi kisima kina kasoro. Labda chumvi imepanda, labda sumu, na ile ya Bi Siti inakingwa na dawa yake. Watu wasichote mpaka maji yapimwe."

Mzee alidhani neno hilo litaishia pale. Kufikia adhuhuri, wanawake walikuwa wanapita na ndoo zao bila hata kugeuza shingo. Jirani yao Kudra alisema tumbo linamsokota tangu juzi. Mwingine akamkumbuka mbuzi wake aliyekufa mwaka jana. Na baada ya swala ya alasiri, barazani pa msikiti, mtu akashauri kisima kifukiwe.

Kisima kile alikichimba marehemu baba yake kwa jembe na mikono. Mzee Mshamu akasimama.

"Jamani, kisima hakina neno. Mwenye kasoro ni mimi."

Akasema yote, hadi ile hesabu ya vikombe. Imamu akaangua kicheko, ndevu zinatikisika, na baraza zima likamfuata.

Nyumbani, Bi Siti hakucheka wala hakufoka. Alimkabidhi mwiko, akaketi mkekani, akanyoosha miguu.

Mzee alipika. Ugali wa wiki ya kwanza hata kuku waliufikiria mara mbili. Kila baada ya kuosha sufuria alikwenda kibandani kuimwagilia miche yake maji mengi, kama Hemedy alivyomwelekeza, kisha ile dawa kwa kipimo, anakitazama kikombe kama mtu anayepima dhahabu.

Mwezi ulipokwisha, sita kati ya ile ishirini ilichipua upya. Akampigia Zamda simu kumtangazia.

"Sita, mwanangu! Imefufuka!"

"Iliunguaje kwanza, baba?"

"Jua la Bungu, mwanangu."

"Mama ameshaniambia," Zamda akajibu, akacheka mpaka salio la baba yake likaisha.