Goti la Ambakisye

Niliota usiku wa jana, na kabla sijaifikia ndoto yenyewe niseme wazi kwamba mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nalala. Kwetu mama ndiye anayeota kwa niaba ya familia nzima.

Inabidi pia nieleze habari ya Alhamisi, maana bila hiyo ndoto haishikiki. Leo ndiyo siku ya uteuzi. Klabu za ligi ya kulipwa zinachagua wachezaji kutoka vyuoni kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia, na anayeruhusiwa kuchaguliwa ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho tu. Ukipitwa umepitwa, nenda kaajiriwe. Chuo chetu hapa Iringa kina mabeki wa kati wawili wa mwaka wa mwisho. Mmoja ni mimi, Lukelo, namba tano. Mwingine ni Ambakisye, namba nne, ambaye tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha chini na mimi cha juu. Tumecheza pamoja miaka mitatu. Walioshika mkia mwaka huu ni Tofali Stars, na Tofali Stars wanataka beki wa kati mmoja.

Basi Alhamisi baada ya mazoezi akanisogelea mtu wa ligi, Mzee Rwegasira, anayeziandikia klabu habari za wachezaji, na daftari lake. Nikamwamkia, akaitikia.

"Yule mwenzako namba nne," akasema. "Lile goti aliloumia mwaka juzi, siku hizi vipi?"

Goti la Ambakisye ni zima. Nalijua kuliko la kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyelichua miezi miwili mpaka mikono yangu ikawa inanuka dawa hata kanisani. Lakini sikusema ni zima. Nilivuta pumzi, nikatazama chini, nikasema, "Mh. Tumuombee tu, mzee."

Akaandika. Hilo ndilo nililolala nalo.

Katika ndoto naingia bwaloni kuchukua chakula, nakuta watu wote wamesimama wamefumba macho. Wapishi, walinzi, mkuu wa chuo, wachezaji wa vyuo vya nchi nzima, kila mtu na sahani yake tupu. Mpishi mkuu anaongoza maombi.

"Kuna nini?" namuuliza mlinzi wa getini aliyesimama karibu yangu.

"Tunaliombea goti."

"Goti la nani?"

"Fumba macho kwanza," anasema. Nikafumba, adabu ni adabu.

Nilipochungulia nikamwona Ambakisye amekaa kwenye kiti mbele ya watu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, goti liko wazi. Goti lilionekana kama mgeni aliyekaribishwa chakula kwenye nyumba asiyoijua.

"Samahani jamani," likasema goti. Lilikuwa na sauti ya mtu mzima wa Tukuyu, ya polepole. "Nashukuru sana kwa maombi. Ila mimi siumwi."

"Wagonjwa wote husema hivyo," akasema mpishi mkuu, akaendelea na maombi.

"Nani aliyewaambia naumwa?"

"Imeandikwa."

Kweli ilikuwa imeandikwa. Kwenye ubao wa ratiba ya chakula palikuwa na maneno haya: Ijumaa, wali maharage. Jumamosi, tumuombee. Goti likanigeukia, likanitazama. Usiniulize goti linatazamaje. Lilinitazama, na mimi nikaanza kuisoma upya ratiba kuanzia Jumatatu.

Hapo bwalo likakosa paa. Hakuna aliyeshangaa. Tulikuwa tumesimama kwenye uwanja wa shule yangu ya msingi kule Njombe, ukungu umeshuka hadi magotini, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, na sahani bado tunazo. Akaletwa mwenyekiti wa ligi.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa mpira. Mpira wa ngozi, umechubuka, umekalishwa kwenye kiti cha kuzunguka, na pembeni yake pampu, ambayo ndiyo katibu. Kila baada ya sentensi chache mwenyekiti alikuwa anaishiwa upepo, katibu anamjaza, na sisi tunasubiri kwa heshima.

"Utaratibu wa kisasa una maneno mengi," akasema mwenyekiti. "Uteuzi wa mwaka huu utafuata sheria za chandimu, mpira wa watoto wa mtaani. Kwanza, mwenye mpira lazima acheze. Mwenye mpira ni mimi, kwa hiyo nacheza. Pili, mwenye mpira akikasirika anaondoka na mpira wake." Akafikiri kidogo. "Yaani naondoka na mimi. Tatu, atakayekuwa wa mwisho kuchaguliwa anakaa golini."

"Mpaka lini, mheshimiwa?" akauliza mmoja wetu.

"Sheria haisemi."

Manahodha wakaitwa. Wa Tofali Stars alikuwa nguzo ya goli, na wa Mkonge Rangers kibendera cha kona. Wakapimana nyayo kama tulivyofanya utotoni, kisigino mbele ya kidole, kila mmoja akimwendea mwenzake, na atakayemkanyaga mwenzake ndiye anayeanza kuchagua. Kwa kuwa wote wawili wana mguu mmoja mmoja, ilichukua muda mrefu. Mwisho Nguzo akamkanyaga Kibendera, na Kibendera akasema haikuwa haki ila anaendelea.

"Beki wa kati," akasema Nguzo. "Wapo wawili, wanalingana. Waende wakapeane majina."

Nadhani kila aliyecheza chandimu anaijua hiyo. Wachezaji wawili wakiwa sawa, nahodha hawachagui kwa sura. Wanakwenda pembeni, wanapeana majina ya siri, wanarudi na kumuuliza nahodha anataka lipi. Akishataja jina ndipo anajua amempata nani. Hakuna upendeleo hapo, labda mtu akonyeze. Nahodha hulitaja jina la kwanza taratibu, na kama ni lako unafumba jicho moja haraka, biashara imeisha. Mimi nilikuwa nakonyeza. Darasa la tatu hadi la saba nilikonyeza, na sijawahi kumwambia mtu.

Majina yalikuwa yanapangwa nyuma ya choo cha shule. Tukaenda nyuma ya choo.

"Ndizi na kiazi," akasema Ambakisye. "Kwetu Tukuyu ndizi, kwenu Njombe kiazi. Ila tubadilishane wasije wakakisia. Wewe Mbena uwe ndizi, mimi niwe kiazi."

"Sawa."

"Na atakayechaguliwa, mwenzake asinune."

"Sawa."

"Mimi nitanuna," likasema goti.

"Wewe nyamaza," akasema Ambakisye, akalishushia suruali. Kisha akanipiga begani kama anavyonipiga kabla ya kila mechi, tukacheka wote wawili. Niseme ukweli, pale nyuma ya choo nilimpenda sana yule jamaa, na bado nilitaka nichaguliwe mimi. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja wala hayakusukumana.

Tunarudi uwanjani. Ukungu umepanda hadi kifuani. Ambakisye ndiye anayeuliza, kwa sauti ya kitoto kabisa, na hakuna anayeona ajabu.

"Nahodha, ndizi au kiazi?"

Nguzo anafikiri. Ninajiambia nguzo haina macho, kwa hiyo hata nikikonyeza sitakuwa nimemkonyeza mtu. Nguzo anaanza taratibu, "Ndi..."

Nakonyeza.

"Ndizi," anamalizia Nguzo. Ana macho, kumbe, mawili, kule juu yanapofungiwa wavu.

Nikapigiwa makofi, nikavikwa jezi ya Tofali Stars. Ilikuwa nzito kwa sababu imefumwa kwa tofali. Nikasimama upande wangu, uteuzi ukaendelea. Kila zamu ya kuchagua ilipofika, nahodha alimwendea Ambakisye, akamtazama kwa huruma, akasema, "Huyu tunamuombea," akapita. Wakachagua washambuliaji. Wakachagua koni za mazoezi, zote nane. Kibendera akachagua mbuzi aliyekuwa anakula nyasi pembeni, akasema ana kasi. Mbuzi akaja kujipanga bila maringo.

Ambakisye akabaki peke yake na sahani yake.

"Basi golini," akasema mwenyekiti.

Hakubisha, na hakununa, kama tulivyokubaliana. Aliiweka sahani chini akaenda kusimama golini kwetu. Nilitaka kusema kitu. Nikaona acha kwanza nione mechi inaanzaje, maana ndiyo mechi yangu ya kwanza ya kulipwa.

Mechi inaanza. Niko namba tano. Mwenyekiti anakuja anadunda katikati, pale pale panapopita mipira yote migumu, kati ya namba tano na namba nne. Miaka mitatu sijawahi kugeuza shingo kutazama upande ule. Nasema "yako," nasikia "yangu," naendelea na shughuli zangu.

"Yako," nasema.

Nageuza shingo. Namba nne hayupo. Pana nyasi tu.

"Samahani, napita," anasema mwenyekiti, na anapita.

Ambakisye anajirusha. Anaanguka kwa goti. Bao. Mwenyekiti anarudishwa katikati, anajazwa upepo, anakuja tena, ninasema tena "yako" kwa mazoea, anapita tena. Ambakisye anaangukia goti lile lile. Nikamwomba refa tubadilishe mfumo, refa alikuwa koni, akasema hilo liko nje ya uwezo wake. Mabao yakafika kumi na moja. La kumi na mbili lilipoingia Ambakisye hakuinuka haraka, na nikalisikia goti kutoka kule golini, bila hasira yoyote.

"Sasa naumwa," likasema. "Mwambieni yule mzee aandike."

Nilikimbia. Nilikuwa nakimbilia golini ila uwanja ukawa unarudi nyuma, nikajikuta nimefika kwa Nguzo, nahodha wangu, ambaye alikuwa amesimama tu na mabao yote yakipita kando yake.

"Nahodha, nataka kubadilisha jina," nikasema. "Mimi ndiye kiazi."

Nguzo akainama kunitazama. "Una nini jichoni?"

Nikapapasa. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Halikuwa limefunguka tangu nilipokonyeza, na mechi nzima nilikuwa nacheza na moja.

"Nilikonyeza tu," nikasema.

"Hujakonyeza," akasema Nguzo. "Kukonyeza ni kufumba na kufumbua. Wewe umefumba. Kufumbua ni mpaka umwambie mwenzako."

"Na nisipomwambia?"

"Utacheza hivyo hivyo. Kwenye ligi wapo wengi." Akasema hivyo bila ubaya, kama mtu wa ofisini anayekuelekeza dirisha la pili, kisha akaondoka kwa kurukaruka. Nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha. Nilifurahi sana kuona dari, maana dari halimdai mtu maelezo. Nikajiambia ndoto ni ndoto, saa nne ni uteuzi, Tofali Stars wanataka beki mmoja, na neno langu la Alhamisi limeshaandikwa, halifutiki kwa sababu ya mbuzi wa usingizini. Nikawa nimeridhika kabisa. Ila dari nilikuwa naliona nusu.

Jicho la kushoto halikufunguka. Nilishuka taratibu nisimwamshe Ambakisye, nikaenda bombani, nikanawa. Tongotongo hakuna. Halikuvimba, haliumi, haliwashi. Nikajaribu kulifungua kwa vidole, kope zikatulia pale pale bila ubishi, kama mlango wa duka siku ya sikukuu. Nikajitazama kwenye kioo cha bafuni. Kijana mzima wa kulia yupo, wa kushoto anakonyeza.

Niliporudi chumbani Ambakisye alikuwa ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda anavaa soksi za mpira. Keshavaa moja. Akaniangalia.

"Mwanangu, una nini jichoni?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari: mdudu, sabuni, nimelalia vibaya. Nikasimama nikiyapanga lipi lianze. Niliogopa. Sikuogopa jicho.

"Sogea kidogo," nikasema.

Akasogea. Nikakaa pale kwenye kitanda chake nikaanza na Alhamisi. Nikamwambia alichouliza mzee, nikamwambia nilivyovuta pumzi, nikamwambia nilivyotazama chini, na neno lenyewe nikalitamka kama nilivyolitamka. Sikumwambia ya nguzo wala ya mpira, maana hayo yangefanana na kujitetea. Nilipomaliza, jicho likafunguka lenyewe, na nikamwona Ambakisye vizuri kuliko nilivyotaka.

Alikuwa na ile soksi ya pili mkononi. Alilikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena, akalishika kwa kiganja. Hakunitazama. Alivaa ile soksi, akaivuta mpaka juu, akaikunja pale juu kwa uangalifu kama anavyofanya siku zote, na mimi nikangoja anipige au aondoke.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa moja na nusu."

"Na huyo Mzee Rwegasira amefikia gesti gani?"