Mawe Mawili ya Namba Saba

Nyamizi hakuwa mtu wa kuitwaitwa ofisini. Miaka kumi na saba alikuwa juu ya loda akipakia miwa kwenye matela ya shamba la Makangaga, lile shamba la shirika lililokuwa kati ya Mang'ula na Ifakara, na katika miaka yote hiyo ofisini alifika mara mbili tu. Mara ya kwanza siku ya kuajiriwa. Mara ya pili alikwenda kuwaambia kwamba choo cha wafanyakazi wa kike hakina mlango, na yeye amechoka kujisaidia huku ngedere wanamtazama. Mlango uliwekwa wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo Julai ile ya mwaka tisini na sita, meneja wa karakana alipotuma mtu kumwita, watu wote shambani walijua kuna jambo.

Meneja mwenyewe, Bwana Egidius, alikuwa kijana wa diploma na shati jeupe. Miaka mitatu karakana ilikuwa chini yake, na hakuna aliyewahi kumwona na grisi hata kwenye ukucha. Ofisi yake ilitazama barabara kuu, na dirisha la upande wa mitambo alilizibia kwa kabati la mafaili. Siku hiyo alisimama mwenyewe kumkaribisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Nyamizi, akabaki amesimama. Bosi ambaye kila asubuhi hupita bila hata kuinua mkono, leo anakuamkia kwa sauti ya sukari? Hapo ujue unatafutwa.

"Keti, mama."

"Nimekaa tangu saa kumi na mbili. Sema."

Egidius alicheka kidogo, akafunga mlango. "Alhamisi inakuja kamati kutoka Dar es Salaam. Wanakagua mitambo chakavu ifutwe kwenye vitabu. Namba Saba imo."

"Namba Saba chakavu? Jana imepakia matela kumi na mawili!"

"Haina hendibreki."

"Nina mawe."

"Mama, tuelewane." Alishusha sauti. "Siku ya Alhamisi isiwake. Ni hilo tu ninaloomba. Unajua mtambo ukifutwa, opereta wake naye anaingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Lakini wewe nitakuombea nafasi ghalani. Utakaa kivulini, ugawe mapanga na magunia, basi."

Nyamizi alimtazama hadi kijana akaangalia pembeni. Ghalani! Yeye aliyejifunza trekta jeshini, kwenye kambi ya JKT, wasichana wawili kati ya wanaume arobaini, leo akagawe magunia! Na tena haikuwa siri mtambo ungekwenda wapi. Mwaka uliopita Loda Namba Tatu ilifutwa hivyohivyo, ikasemekana imeuzwa kwa mnada ambao hakuna mtu aliyeuona. Miezi miwili baadaye Nyamizi alikwenda msibani Michenga, akaikuta Namba Tatu imepakwa rangi ya kijani, inapakia magogo ya shemeji yake Egidius. Waliibadilisha rangi, lakini walisahau kovu la kulehemu kwenye kucha la kushoto la kukamatia miwa. Kovu hilo Nyamizi alilijua, kwa sababu alikuwepo siku kucha lilipovunjika.

"Na shemeji yako wa Michenga," alisema, "hajambo?"

Sukari yote ikamtoka Egidius mdomoni. "Chunga ulimi wako, mama."

"Ulimi wangu nauchunga mwenyewe. Ghala lako sitaki. Na Alhamisi itawaka!"

Alitoka bila kufunga mlango.

Sasa lazima lielezwe jambo moja ambalo Makangaga nzima walilijua isipokuwa Egidius. Staata ya Namba Saba ilikufa mwaka tisini na tatu. Fomu ya kuomba nyingine ilijazwa mara tatu, na mara tatu ofisini iliandikwa, bila kusomwa, "subirini". Nyamizi si mtu wa kusubiri. Kando ya karakana kulikuwa na tuta kubwa la udongo lililobaki enzi za ujenzi, akaanza kuegesha pale. Kila jioni aliipandisha Namba Saba kinyumenyume hadi juu, pua ikitazama chini, na Salvatory fundi akaweka jiwe mbele ya kila gurudumu la mbele. Asubuhi Salvatory alitoa mawe, mtambo ukaserereka, Nyamizi akatia gia ya pili, akaachia klachi, injini ikakohoa mara mbili na kushika. Siku nzima haikuzimwa. Alikula huku inanguruma. Betri nayo ilikuwa maiti ya siku nyingi, imebaki kama pambo tu, na juu yake Nyamizi aliweka bakuli lake la wali na perege ili lipate joto la injini.

Alhamisi alfajiri alipofika, juu ya tuta hapakuwa na kitu ila mawe mawili.

Alikimbia hadi uwanja wa karakana, akaikuta Namba Saba imepangwa mstari mmoja na trekta bovu na jenereta isiyo na kichwa. Pale ni tambarare, hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Sanduku la betri lilikuwa wazi. Mahali pa staata palikuwa tundu. Salvatory alisimama kando, kofia mkononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, dada," alisema Salvatory. "Jana ulipoondoka Bwana Egidius alinisimamia mwenyewe. Tumeiserereza hadi hapa, kisha nikafungua vitu. Nina watoto sita, dada Nyamizi."

"Na mimi nina nini, majini? Ikifutwa hii, Jumatatu nafungasha virago! Salvatory! Miaka yote hii unakula perege wangu!"

Salvatory aliinamisha kichwa. Halafu akasema taratibu, bila kumtazama, "Aliniambia nitoe betri na staata. Nimetoa betri na staata, akavifungia kabatini ofisini kwake. Dizeli hakuitaja, sijaigusa. Nozeli za kuipuliza kwenye injini hakuzitaja. Na mimi si mtu wa kumfundisha kazi mkubwa."

Nyamizi akamtazama Salvatory, akatazama lile tundu la staata iliyokufa tangu tisini na tatu, na pamoja na hasira zake zote kicheko kikamponyoka. Alicheka hadi akashika gurudumu. Lo! Mwenye diploma kafungia maiti mbili ofisini kwake, kalala usingizi mzuri. Lakini kicheko hakikudumu. Pale tambarare, bila mteremko, Namba Saba ingewaka kwa dawa gani?

Kamati ilifika saa nne, watu watatu na dereva wao. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye miwani, jua la Kilombero limemchosha kabla hajaanza kazi. Wafanyakazi waliokuwa zamu ya karakana walijisogeza, wakataji miwa wakaja na masizi yao usoni. Jenereta ilifutwa. Trekta bovu likafutwa. Wakafika kwa Namba Saba.

Egidius alipanda mwenyewe, shati jeupe na yote, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, akiwaangalia wageni kwa huzuni ya kutengeneza. "Mnaona wenyewe, wakubwa. Imekufa."

"Haijafa!" Nyamizi alipaza sauti. "Betri na staata amefungia ofisini kwake!"

Watu wakaguna. Egidius akatikisa kichwa. "Mumsamehe mama huyu. Ni opereta wake, ana uchungu. Spea zilizokufa tunazitoa, ndiyo utaratibu."

"Kwa hiyo haiwezi kuwaka?" mwenyekiti aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

"Haiwezi kwa namna yoyote, mheshimiwa. Hata kutembea haitembei. Nimeandaa trekta iivute hadi kule kwenye uzio wa vyuma chakavu, ipigwe alama ya chokaa tumalize."

Nyamizi alisikia neno hilo, "iivute". Alitazama trekta. Juu yake alikaa Lukelo, Mhehe wa maneno machache, ameshafunga mnyororo. Lukelo naye alikuwa anamtazama.

"Mtu mmoja ashike usukani!" Egidius aliamuru. "Salvatory!"

"Mgongo, bosi," alisema Salvatory, mkono kiunoni. "Tangu jana ile kazi uliyonipa. Na usukani wake injini ikiwa imezimwa ni mzito, labda nyie mliosoma."

Mwingine akasema mkono umeteguka. Wa tatu akakumbuka kwamba yeye ni mkata miwa, si opereta, na chama cha wafanyakazi kimekataza. Watu wakaanza kukohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti alifuta jasho la shingo, akachoka.

"Bwana, jua hili! Si umesema opereta wake ni huyu mama? Kwa nini asipande yeye?"

Egidius angekataaje? Amwambie mkubwa kwamba anaogopa mwanamke ashike usukani wa mtambo mfu?

Nyamizi hakungoja aambiwe mara ya pili. Alipandisha kitenge juu ya suruali yake, akakwea, akakaa kwenye kile kiti kilichochakaa kwa umbo lake mwenyewe. Akakanyaga klachi, akatia gia ya pili, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Twende, Lukelo!"

Lukelo aliondoka kama mtu anayewahi treni ya Tazara. Mnyororo ukakaza, Namba Saba ikaruka mbele, vumbi likatimka. Hatua tano, kumi, kumi na tano. Nyamizi akaachia klachi. Magurudumu yakakwaruza ardhi, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Egidius alikuwa anakimbia kando akipiga kelele, "Simama! Simama wewe!" na hapo bomba likatema moshi mweusi usoni pake, na Namba Saba ikanguruma.

Weee! Kelele zilizopigwa siku ile, wanaodai zilisikika hadi Sanje sikatai. Wakataji waligonga mapanga. Lukelo alisimama, akashuka, akafungua mnyororo bila haraka. Nyamizi akainua mkono wa loda, akafungua makucha hadi mwisho, akayafumba, akaliendea tela lililokuwa na miwa iliyomwagika kando yake. Akakumbatia miwa ile yote kwa mara moja, akaiweka ndani ya tela hata mmoja usidondoke. Kisha akageuza, akaja kusimama mbele ya mwenyekiti.

"Vizuri, mama!" mzee alipaza sauti juu ya ngurumo. "Sasa zima tusikilizane."

"Sizimi!"

"Unasemaje?"

"Nimesema sizimi! Nikizima hapa tambarare ndiyo mtaandika imekufa. Andikeni kwanza! Andikeni ikiwa inanguruma!"

"Mama, unaongea na kamati," Egidius alifoka, uso wote masizi.

"Naongea na yeyote mwenye kalamu! Miaka kumi na saba nimelisha kiwanda kwa mikono hii. Mnataka kunitoa, nitoeni kwa haki, siyo kwa kufungia vyuma kabatini. Sizimi, ng'o! Dizeli ninayo ya kutwa nzima. Nyinyi jua mtaliweza?"

Mwenyekiti akamgeukia Egidius. "Bwana Meneja, hebu nipe ufunguo wa ofisi yako."

Salvatory, mgongo umepona ghafla, ndiye aliyetumwa. Alirudi na betri begani na staata mkononi, akaviweka miguuni pa mzee. "Hii staata, mheshimiwa, ilikufa mwaka tisini na tatu. Fomu za kuomba nyingine zilikuwa kwenye kabati hilohilo, zimeandikwa 'subirini'." Akazitoa mfukoni, zote tatu.

Mzee alisoma tarehe. Akaandika, akachana nakala, akampungia Nyamizi.

"Soma kwa sauti!" Nyamizi alidai kutoka juu.

Na mwenyekiti wa kamati, mtu mzima na miwani yake, akasoma kwa sauti: "Loda namba saba. Mtambo mzima, unafanya kazi. Usifutwe. Upewe staata mpya. Opereta wake abaki kazini." Akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Na ile namba tatu tutaulizia iko wapi."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa. Kisha, mbele ya watu wote, akairudisha Namba Saba kinyumenyume juu ya tuta lake, pua chini, akakanyaga breki. Chini kabisa ya tuta, penye kivuli, Egidius alikuwa ameegesha pikapu yake asubuhi.

"Jiwe!" aliita Nyamizi.

Salvatory alikuwa karibu kabisa. Akaweka mikono mfukoni. Lukelo akaangalia milima ya Udzungwa. Wakataji miwa wote mia na ushee wakasimama wima kama walioambiwa wanapigwa picha.

"Jiwe, jamani! Breki hii haishiki dakika mbili!" Namba Saba ilisogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena. "Bwana Egidius! Pikapu si yako?"

Egidius alitazama huku na huku. Hakuna aliyejitikisa. Ndipo alipokimbia akapanda tuta, akapiga magoti kwenye udongo, akakumbatia jiwe lenye grisi ya miaka mitatu na kulisukuma mbele ya gurudumu.

"Na la pili," alisema Nyamizi.

Akaweka la pili.

Nyamizi aliachia breki taratibu, akahakikisha mawe yameshika. Kisha akavuta waya wa kuzimia, injini ikanyamaza, akateremka.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia. "Kesho saa kumi na mbili uje uyatoe."