Mafuta ya Kila Jumapili

Mjukuu wangu Dessa alirudi kutoka mjini Jumatatu, chakula cha mchana kikiwa bado mezani. Aliweka bastola mezani, tupu, slaidi, kile chuma cha juu, imerudishwa nyuma kama nilivyomfundisha, kisha akatoa risasi nne mfukoni mwa suruali na kuzipanga kando ya kikombe changu cha kahawa. Nikajua ameanguka mtihani.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa shabaha. Kaunti ilitaka askari wa jela, kazi ya karibu, dakika ishirini kwa gari kutoka kwetu, na ilikuwa na bima ya matibabu ya Dessa pamoja na mwanawe mdogo. Unapiga risasi hamsini, arobaini ziingie. Dessa aliingiza thelathini na nane. Kurudia ni mara moja tu, na kurudia kwenyewe kulikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Akianguka tena, ingembakia kazi ya ghala kule Billings, mwendo wa saa nne, na ingebidi ahame na mtoto. 

Shemeji yangu Delmar, mdogo wa marehemu mume wangu Orrin, alikuwepo. Tangu mkewe afariki hula kwangu kila adhuhuri, na siku hiyo nilikuwa nimepika viazi na nyama ya kusaga. Aliitazama ile bastola bila kuacha kutafuna. Ilikuwa chapa ya Tolliver, ya plastiki nusu na chuma nusu, ambayo Dessa aliinunua mwenyewe.

"Nilikwambia," Delmar akasema. "Tolliver ni nzuri sana kwa kuzuia mlango usipigwe na upepo."

"Na Colt yako, babu, mara ya mwisho ilipiga lini?"

"Haina haja ya kupiga. Watu wakiiona tu wanashika adabu."

Huku kwetu watu hurithi chapa za bastola kama wanavyorithi chapa za ng'ombe. Baba yake Delmar alibeba Colt, basi Delmar atabeba Colt mpaka azikwe, na mtu akinunua nyingine humtazama kama aliyebadili kanisa. Alianza kutueleza habari za mtu wa duka la bunduki aliyemwambia kwamba Tolliver hufanya kazi zikipenda zenyewe, na akamshauri Dessa aiuze kabla ya Ijumaa, achukue nyingine. Mimi pia, nakiri, nilisema rivolva yangu, ile bastola ya silinda izungukayo yenye risasi sita, iliyo kwenye droo ya jikoni haijanikosea hata siku moja, na kwamba kitu cha zamani ni cha zamani. Dessa alisikiliza yote huku akimlisha mtoto viazi. Bastola mpya kwa siku nne, mkono haujaizoea. Nilimwona usoni kwamba ameshaanza kufunga mizigo.

Baada ya kuosha vyombo nilivaa miwani ya kusomea nikazichukua zile risasi nne. Shule niliacha darasa la nane, lakini kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu hakuhitaji cheti. Kila risasi ilikuwa na kishimo kwenye kitako, pale kwenye kile kiwashio cha duara kinachogongwa na pini. Vishimo vilikuwa katikati kabisa, na virefu. Bastola imegonga. Risasi ndiyo haikuitika.

Nikamuuliza Dessa, hizi nne zilitoka wapi kati ya hamsini? Akafikiri. Zote zilitoka kwenye magazini ya kwanza, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Sajini Pruett, anayesimamia mtihani, ana desturi yake: unakuja na bastola ukiwa umeibeba kama unavyoibeba kila siku, na zile zilizomo ndani ndizo unazopiga kwanza. Zikiisha, kaunti inakupa nyingine kwenye boksi. Kumi na tano za kwanza zilikuwa za Dessa mwenyewe, tangu alipoinunua bastola mwaka juzi. Za boksi zote zililia. Akamlalamikia sajini kwamba nne hazikutoka, sajini akamjibu kwamba yeye hahesabu sababu, anahesabu matundu.

"Na ukienda kufanya mazoezi?" nikauliza.

"Natumia za boksi, Bibi. Hizi nazitoa naziweka pembeni, halafu nazirudisha. Na mazoezini haijagoma hata mara moja."

Nikachukua risasi moja hadi kwenye karakana ya Orrin, nikaibana kwenye jiliwa, nikaichomoa kichwa kwa koleo, polepole. Nikaimwaga baruti kwenye karatasi nyeupe. Baruti njema hutawanyika kama ufuta kwenye mkate. Hii iliganda mabonge mawili, na ilinuka kama chumba cha fundi magari. Ni harufu ya yale mafuta ya kopo, ya kupuliza, yanayolegeza nati zilizoshika kutu. Yanaingia hata pasipo na tundu, ndiyo kazi yake.

Nilirudi jikoni. Nilishaona jawabu lakini nilitaka alitamke yeye. Kila Jumapili baada ya kanisa tunatandika taulo kuukuu mezani, tunaweka kahawa na maandazi ya mdalasini, tunasafisha silaha. Ni desturi tangu wakati wa Orrin. Dessa nami husafisha pamoja, kila mtu upande wake, na mimi macho yangu huwa kwenye kazi yangu.

"Ukipuliza mafuta, risasi zinakuwa wapi?"

"Ndani," akasema. "Naitoa ile ya kwenye mtutu, magazini naipuliza yote kwa juu, halafu naipangusa."

"Nani alikufundisha kuipuliza ikiwa na risasi?"

Alinitazama kama anayeogopa kuvunja sahani ya mtu.

"Wewe hutoi zako, Bibi."

Ni kweli. Sizitoi. Nafungua silinda, napuliza, napangusa, nafunga. Ndivyo nilivyozoea kwa sababu Orrin alisema bunduki isiyo na risasi ni nyundo tu, na droo ile haipaswi kulala tupu. Delmar aliweka kikombe chini. 

Nikachukua rivolva kwenye droo, nikavaa vizibo vya masikio, nikatoka hadi kwenye tuta la udongo nyuma ya banda, wao wawili wakinifuata na mtoto akibaki na jirani yetu aliyekuja kuchukua mayai. Mara ya mwisho nilipoipiga ilikuwa miaka minane nyuma, nilipompiga nyoka wa kengele, yule mwenye sumu anayetikisa mkia, kando ya kisima. Nikalenga mkebe.

Tik. Nikasubiri nusu dakika, mtutu ukielekea tuta, maana risasi iliyochelewa haina adabu. Tik. Nikasubiri tena. Ya tatu ikalia, mkebe ukaruka. Ya nne, ya tano na ya sita: tik, tik, tik. Moja kati ya sita. Miaka minane nimelala nikijiona nina ulinzi.

"Shemeji," Delmar akasema taratibu, "angetokea nyoka wa pili, tungekuzika."

"Na wewe ya kwako unaipuliza na nini?"

Alikwenda kwenye gari lake akakaa humo kidogo.

Sikumwomba Dessa radhi kwa maneno mengi. Nilimwambia kosa ni langu, nimemfundisha kwa mkono nisichokifikiria kwa kichwa. Akasema basi bastola yake haina ubaya. Nikasema haina. Tukaifungua yote, tukaikausha, magazini tukaiosha na kuipangusa mpaka kitambaa kikatoka cheupe, tukaweka tone moja tu la mafuta mazito kwenye kila reli ya slaidi, kwa kijiti cha meno. Risasi kumi na tano mpya alizitoa kwenye boksi lililofungwa, akiwa amenawa mikono kwanza.

Ijumaa alirudi kabla ya saa nane. Aliweka karatasi ya shabaha mezani, imekunjwa mara nne. Safari hii alikuwa anajizuia kucheka. Nikaikunjua, nikachukua sindano ya kufumia, nikahesabu tundu moja moja, maana mimi pia sihesabu sababu. Yalikuwa arobaini na sita. Nikahesabu tena upya.

Jumapili tulitandika taulo kama kawaida. Kabla kopo halijashuka kwenye rafu, risasi zote zilikwenda kwenye bati la kuokea, kwenye dirisha la upande wa pili. Delmar alifika mapema kuliko siku zote. Colt yake ilikuwa mkononi, silinda wazi, tupu. Akauliza kama tumebakiwa na risasi mpya, kisha akauliza maandazi yako wapi.