Jina Lisilofumuka

"Nilikwambia ulifumue."

"Nimelifumua, afande. Juzi nimelifumua, na jana nimelifumua tena."

"Basi hili ni nini?"

Sajini alilitupa koti juu ya meza ya cherehani. Kifuani, juu ya mfuko wa kushoto, jina la kuruta aliyefariki lilikuwa palepale, utepe wake umeshonwa kwa mkono, mishono mirefu iliyopinda kama njia ya mlevi.

"Hiyo si kazi yangu," Shangazi alisema. "Mimi nikishona hivyo, nitafute kazi nyingine."

"Utaitafuta tu, usiwe na wasiwasi. Kuna makuruta wapya wanakuja na makoti hayatoshi. Nataka hili lipunguzwe mikono, jina litoke, livaliwe. Mara ngapi niseme?"

"Ufunguo wa chumba hiki unao wewe peke yako, afande."

Sajini akaligeuzia dirisha mgongo.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kambini. Makuruta wenzake walimbandika jina hilo siku ya kwanza, maana kila mmoja wao alimwacha nyumbani shangazi wa umri ule ule. Alikuwa fundi wa nguo sokoni hadi nguo za bei rahisi zilipomlia wateja. Jeshi lilipotangaza linataka mafundi, umri si hoja, alifunga cherehani yake kwa turubai akaenda. Sasa alikuwa kwenye muda wa majaribio, na mtu wa kusema abaki au afukuzwe alikuwa huyu sajini, kijana ambaye yeye Shangazi angeweza kumzaa, tena bila haraka. Makuruta walimwita Maziwa, akiwa mbali.

Kukimbia alfajiri kulimtoa jasho, lakini aliweza. Kilichomkaa kooni ni kumpigia saluti mtu ambaye mtaani angemwamkia yeye. Binti yake alimtania alipopata ruhusa ya kwenda nyumbani. "Sasa mama, ukishampigia saluti huyo mtoto, anakuitikia marahaba?" Walicheka mpaka machozi. Kisha akarudi kambini akazoea. Alijifunza kusema "ndiyo, afande" upesi kama anavyotia uzi kwenye sindano, hata asifikiri.

Na hilo la kutofikiri ndilo lililompeleka pabaya.

Siku ile ya mtoni maji yalikuwa mekundu, yamebeba matawi. Zoezi lilikuwa kuvusha kamba: mmoja aogelee nayo hadi ng'ambo, wengine wafuate wakiishika. Sajini alimchagua kijana waliyemwita Twiga kwa urefu wake. Twiga alivua koti, akamkabidhi Shangazi aliyesimama jirani yake kwenye mstari. Hakumtazama sajini. Alimtazama Shangazi, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, maji haya unayaonaje?"

Shangazi alikuwa ameyaona. Gogo zima lilipita likibingirika, na yeye akaliona. Akasema, "Umesikia amri, mwanangu. Nenda."

Akaenda. Alipatikana chini kabisa ya mto, kamba ingali kiunoni.

Tangu siku hiyo pedali ya cherehani haikulia tena kama pedali. Kila alipoikanyaga ilisema nenda, nenda, nenda. Akishona taratibu, ilisema taratibu. Akiharakisha, nayo iliharakisha.

Taarifa iliandikwa kwamba kuruta aliingia mtoni kwa utundu wake, bila ruhusa. Wote waliokuwepo waliulizwa, na wote, Shangazi akiwemo, waliitikia kama walivyofundishwa. Baba yake Twiga, fundi viatu, mtu mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa gundi, alipoambiwa alitikisa kichwa. "Utundu wa maji? Mwanangu mimi? Huyo hata kuoga alikuwa anabembelezwa." Walimpa pole wakamsindikiza getini. Tangu hapo alikuwa akija mara kwa mara, anakaa kwenye ukingo wa mtaro ng'ambo ya geti, hasemi na mtu. Asubuhi hii pia alikuwa pale. Shangazi alimwona kupitia dirishani, na alijua sajini naye amemwona, maana alikuwa amesimama akiupa mgongo mwanga.

"Nionyeshe vidole vyako, afande," Shangazi alisema.

"Unasemaje?"

"Vidole."

Amri ilikuwa imegeuka njia, na wote wawili walilihisi hilo. Lakini kijana akanyoosha mikono, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Ncha za vidole zilikuwa zimechomwachomwa, matone ya damu yamekauka.

"Mimi nalala," alisema. "Naapa nalala. Nafunga mlango na kulala. Asubuhi naamka nimeshika sindano."

"Na huku kuja, hukumbuki?"

"Sikumbuki kitu. Buti tu. Nikiamka buti zina maji. Mvua haijanyesha, bombani sijaenda, nazimimina maji yanatoka na mchanga. Ananiita, unajua? Haniiti afande. Ananiita kaka. Anasema, kaka, vuta kamba."

Shangazi alitazama chini. Buti za sajini zilikuwa nyeusi kwa unyevu hadi kwenye kamba zake, na sakafuni, kutoka mlangoni hadi mezani, kulikuwa na nyayo za maji.

Alitaka kumwambia keti. Alitaka kumwambia nami ananiita. Lakini sajini alikuwa amekwisha kujikusanya, mikono nyuma, kidevu juu.

"Hayo hayakuhusu. Umri wako ni wa nyumbani kwako, hapa mkubwa ni mimi. Fumua hilo jina, kata mikono, nikute koti limekwisha. Ni amri. Ukikataa, nakuandikia leo hii, na jioni unalala sokoni kwenu."

"Ndiyo, afande," mdomo wa Shangazi ukasema.

Akakaa. Akachukua makasi madogo, akapenyeza ncha chini ya mshono wa kwanza. Uzi ulikatika kirahisi. Mguu wake ulikuwa umepumzika kwenye pedali, haukanyagi kitu, lakini pedali ikashuka yenyewe ikasema neno lake. Akakata mshono wa pili. Pedali ikasema tena. Aliinua mguu wake kabisa, akauweka sakafuni. Ikasema tena.

Akaweka makasi chini.

"Kuruta, endelea na kazi."

"Hapana, afande."

Alilikunja koti vizuri, jina likiwa juu, akalilaza mkononi, akaenda mlangoni.

"Simama hapo."

Miguu ikasimama. Ilikuwa imefundishwa vizuri. Shangazi aliitazama kwa hasira, kama mtu anavyowatazama watoto wanaomwaibisha mbele ya wageni, kisha akasema bila kugeuka, "Nikilifumua leo, usiku utalishona. Utalishona mpaka vidole viishe. Mimi nakwenda kwa kamanda."

"Watanifunga, mama."

Hakuwa amewahi kumwita mama.

"Huenda. Na mimi watanifukuza. Binti yangu atapata la kucheka." Akavuta pumzi. "Vaa kofia yako, mwanangu, usitoke kichwa wazi."

Akatoka.

Kuruta hakatizi uwanja wa gwaride, anauzunguka, tena kwa mbio. Shangazi alipita katikati, akitembea. Watu walisimamisha mafagio. Mlinzi mmoja wa zamu aliita, "Shangazi, umerogwa?" Hakumjibu. Nyuma yake alisikia buti zikija, zikilia maji ndani, chwaka, chwaka. Hakugeuka. Kama zilikuwa za sajini, vizuri. Kama zilikuwa za yule mwingine, vizuri pia.

Kamanda alikuwa ofisini, mlango wazi, anakunywa chai. Naye alikuwa mdogo kwa Shangazi. Wote pale walikuwa wadogo kwake, na hilo, alipofika kizingitini, aliona halina uzito hata kidogo. Alikaza mwili, akapiga saluti safi, akaliweka koti mezani mbele ya kikombe.

"Afande, huyu hakuingia mtoni kwa utundu. Aliamriwa."

Kamanda alilitazama koti, akamtazama yeye, akatazama nyuma yake mlangoni, na uso wake ukabadilika. "Aliamriwa na nani?"

Shangazi akalitaja jina, akianza na cheo, kama alivyofundishwa. Kisha, kabla kamanda hajashika kalamu, akataja na la kwake.