Njahi Moto za Mzazi

Makandi hakuwa na ugomvi na stima, wala na televisheni, wala na choo cha ndani. Ugomvi wake ulikuwa na maikrowevu. Kisanduku kinanguruma, kinalia ting, na mtu mzima anatakiwa aamini kwamba chakula kimepata moto kwa sababu kisanduku kimesema. Wiki aliyofika Isiolo alitia kidole katikati ya sahani ya maharagwe meusi iliyotoka mle, akakuta njahi za pembeni zinaunguza na za katikati baridi vile vile. Tangu hapo alikiangalia kile kisanduku cheupe kama mtu anavyomwangalia mgeni anayecheka sana.

Kwake Meru kiporo kilikuwa na heshima yake. Jikoni kwake ni banda la mbao lililo mbali kidogo na nyumba, mianya kila mahali, paa jeusi kwa moshi wa miaka. Unatia maji kidogo kwenye sufuria, unafunika, unakaa hapo hapo kwenye kigoda. Hutoki. Unasikiliza mpaka sufuria ianze kuchemka chini, kisha unageuza kwa mwiko, unafunika tena, mpaka mvuke usukume kifuniko. Ukoko unagombaniwa na watoto. Mwanawe Mawira mwenyewe, ambaye sasa ni mtu wa ofisi ya kaunti na anavaa tai, alikuwa mgomvi mkubwa wa ukoko.

Na kama ni chakula cha mzazi, hapo hakuna mzaha. Mwanamke aliyejifungua hali baridi. Hali hata vuguvugu. Anakula njahi moto na uji moto ili maziwa yashuke, na yeye na mtoto wake hawapigwi na upepo mpaka mtoto akaze mifupa. Hayo Makandi aliyapokea kwa mama mkwe wake, naye alikuwa amekuja kuyatimiza kwa Janice, mke wa Mawira, bila kupunguza hata moja.

Mtoto alikuwa wa kiume, wa kwanza, kwa hiyo akapewa jina la babu yake kama ilivyo desturi. Mbaabu. Mbaabu wa kwanza, mume wa Makandi, alikuwa amezikwa miaka mingi, na Makandi hakuwa mtu wa kulialia makaburini. Lakini siku alipowekewa yule mtoto mapajani na kuambiwa jina lake, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo hakumwita mjukuu. Alimwita mume wangu.

"Bwana yangu ameamka vibaya leo," alizoea kusema. "Ananiangalia hivyo hivyo, kama ile siku nilichoma chapati."

Nyumba ya Mawira ilikuwa mpya, kwenye barabara ya kwenda Ngaremara, na watu waliisifu kwa jinsi ilivyoziba. Fundi alitia madirisha ya vioo yenye mpira pembeni, kwa sababu upepo wa Isiolo ukianza mwezi wa saba unakuletea vumbi mpaka ndani ya kikombe. Ukifunga madirisha yale, hata adhana inakufikia kwa shida. Makandi aliipenda nyumba ile kwa hilo. Alisema hiyo ndiyo nyumba ya kulelea mtoto.

Siku yenyewe upepo ulianza asubuhi. Mchana stima ikapotea, na gesi ilikuwa imeisha tangu jana yake. Njahi za jana zilikuwa kwenye sufuria, zimepondwa na viazi na ndizi, zimeganda. Mtoto alikuwa ametoka kuogeshwa, amefungwa shuka mbili, analilia ziwa. Janice alikaa kitandani, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi.

"Mum, nipee tu hivyo nikule," alisema. "Si iko sawa."

"Baridi? Unataka maziwa ikauke?" Makandi aliinua mikono. "Unataka bwana yangu alale njaa na mimi niko hapa? Ngoja, Mama Mbaabu. Saa hii tu."

Mawira alipiga simu kuuliza kama stima imerudi. Makandi alimwambia haijarudi, na kwamba atawasha jiko lake la makaa alilokuja nalo.

"Mama, tafadhali, jiko isiingie kwa nyumba. Moshi ni mbaya kwa mtoto."

"Wewe umelelewa kwa moshi na uko na kitambi," alimjibu. "Haitaingia na moshi. Nimesikia."

Na kweli alisikia. Aliwasha jiko nje nyuma ya ukuta, akapepea, akasubiri. Alijaribu kupikia pale pale, lakini upepo ulitupa majivu na mchanga ndani ya sufuria, na kifuniko kikaruka uani kikibingirika. Akajaribu veranda, hali ile ile. Basi akangoja makaa yaive vizuri, yawe mekundu kabisa, pasiwe na hata uzi wa moshi. Aliinama akanusa. Hakuna kitu. Kwa akili yake moshi ndio ulikuwa ubaya wote wa jiko, na moshi ulikuwa umekwisha. Laiti ungebaki, ungemtoa nje kwa kukohoa.

Akaliingiza jiko chumbani kwa mzazi. Chakula kitapata moto na mtoto atapata joto, akajisifu kimoyomoyo kwa kufanya kazi mbili kwa makaa ya mara moja. Vumbi lilikuwa linapenya chini ya mlango, basi akachukua leso yake, akaikunja, akaisokomeza pale kwa kidole mpaka pakaziba.

Sufuria ikaanza kuimba. Makandi alikaa sakafuni, ameegemea ukuta, akageuza kwa mwiko, akafunika. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kwake alijisikia yuko jikoni. Mvuke uliposukuma kifuniko, alimpakulia Janice sahani iliyojaa, na yeye mwenyewe akakwangua ukoko.

"Mum, hii ni tamu," Janice alisema. "Ile mashine haiwezi hii."

Maneno yale yalimkaa Makandi vizuri kifuani. Mtoto alinyonya, akaachia ziwa, akalala. Janice naye akateremka kwenye mto wake, sahani bado iko mkononi. Kulala kwa mzazi aliyeshiba, Makandi aliwaza, na akaitoa sahani polepole asimwamshe. Chumba kilikuwa kimya. Nje upepo ulisukuma vioo, na vioo havikuruhusu kitu.

Kichwa kilianza kumgonga. Akasema ni upepo wa asubuhi. Macho yakawa mazito, naye akayaacha. Alipoyafungua, kichwa kilikuwa kinapasuka na tumbo limemgeuka. Alijikokota mpaka mlangoni, akaivuta leso iliyokataa kutoka kwa jinsi alivyoisokomeza, mpaka ikaachia, akafika jikoni akatapika kwenye sinki.

Hapo ndipo alipopatwa na hofu, na hofu yenyewe ikampeleka njia isiyo sawa. Aliziona njahi zimo kwenye sinki, akaamini amepata jibu. Kiporo! Njahi zilikuwa zimeharibika. Zilikaa usiku kucha kwenye joto la Isiolo, na yeye, mwanamke aliyekesha na sufuria maisha yake yote, hakuzinusa sawasawa. Na Janice alikula sahani nzima.

Akarudi chumbani mbio, akishika ukuta.

"Mama Mbaabu! Amka! Tumbo inauma? Amka utapike!"

Janice hakuamka. Kichwa chake kilifuata mkono uliokitikisa. Makandi alimshika kwapani, akamburuta kutoka kitandani, na mzee yule wa magoti mabovu akapata nguvu asizojua zilikuwa wapi. Mlangoni aligeuka akamtazama mtoto. Amelala fofofo, mikono imefunguka. Yeye hakula njahi. Mwenyezi Mungu ashukuriwe, alisema kwa sauti, bwana yangu hakula. Kisha, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali na mtoto ametoka kuoga, alivuta mlango ukajifunga vizuri.

Alimfikisha Janice verandani, akamlaza kwa ubavu, akapiga kelele. Galma, jirani yao dalali wa mbuzi, alikuwa getini tayari na chupa ya maziwa aliyotumwa na mkewe amletee mzazi. Aliiangusha chupa.

"Nini, mama?"

"Chakula! Nimempea chakula mbaya! Leta gari!"

Galma alipiga magoti, akamgeuza Janice uso. Janice alivuta pumzi ya vumbi, akakohoa, akatapika, akavuta nyingine. Makandi alimpangusa kwa mkono akilia kwa furaha. Anapumua. Anafungua macho.

"Na mtoto iko wapi?" Galma aliuliza.

"Huyo hana shida, analala. Huyo hakukula kitu."

"Iko na nani?"

"Peke yake. Chumba iko na joto, nimeacha jiko."

Galma alimtazama. Halafu aliinuka, akaingia ndani akikimbia, na Makandi akasikia mlango ukipigwa teke na kioo kikivunjika. Alijaribu kuinuka amfuate, magoti yakakataa. Akabaki pale ameshika mkono wa Janice, na kichwa chake kilipoanza kupata hewa, mambo yakaanza kujipanga moja baada ya jingine: kichwa kuuma, usingizi, leso, makaa. Alitaka yasijipange.

Galma alitoka. Hakuwa anakimbia tena. Alikuwa amembeba mtoto na shuka zake zote mbili, na alitembea taratibu kama aliyebeba maji yaliyojaa mpaka juu.

Makandi alinyoosha mikono, akampokea. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi nzuri. Mashavu yalikuwa na joto.

"Ana joto," alisema. "Galma, ana joto, shika uone. Shika."

Galma hakushika. Alivua kofia yake, akatazama kando.

Janice aligeuza kichwa sakafuni. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayetoka mbali. Kifuani nguo yake ilikuwa imelowa pande zote mbili.

"Mum," alisema, "maziwa imejaa. Niletee mtoto."