Jani la Sita

"Nani alikuambia umalizie?"

"Hakuna. Nina macho."

"Mama, hiyo ni kazi yangu!"

"Kwani nimekunyang'anya? Majani matano ni yako. Nimeongeza moja tu, basi nyumba nzima ihame?"

Binti yangu alikuwa ameishika ile blauzi nyeupe kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu aliyeokota panya. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Saa nne alitakiwa awe mbele ya mwenye karakana moja ya nguo, mama aliyekuwa anatafuta mwanafunzi mmoja wa kudarizi, mmoja tu, na walioomba ni kumi na wanane. Sharti lake lilikuwa fupi: kila mtu aje na vazi alilolipamba kwa mkono wake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Nieleze nilichofanya, nisije nikaonekana mchawi. Majani yale yalishonwa kwa alama za X, mamia ya X ndogo ndogo, yakishuka kutoka kwenye kola kufuata vifungo. Kitambaa cha blauzi ni laini, hakina vishimo vya kuhesabu. Kwa hiyo unashikiza juu yake kipande cha wavu, unashona ukifuata vishimo vya wavu, halafu unaulowanisha na kuuchomoa uzi mmoja mmoja. Wavu unatoka, X zinabaki. Jana mchana Shoto, ndivyo tunavyomwita binti yangu huyu kwa sababu anatumia mkono wa kushoto, alikwenda kusukwa kwa shangazi yake na kulala huko. Jani la sita lilikuwa halijaguswa. "Nitalishona kesho nikirudi," akasema, huyo akaenda zake.

Kesho! Mimi ni mtunza stoo, nina diploma ya ugavi, na sijawahi kulaza kazi. Nikashika sindano. Nilimaliza jani, nikachomoa wavu wote, nikapiga pasi. Kusema kweli, nilitegemea kushukuriwa.

"Jani moja ni saa moja na nusu," Shoto alisema. "Ningekuwa nimekaa hapa nashona sasa hivi."

"Na kama ungechelewa kurudi?"

"Nimechelewa?"

Hakuchelewa. Saa moja kamili alikuwa mlangoni. Nikaenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

"Hatajua," nikasema kutoka huko. "Watu kumi na wanane, nani atachunguza jani moja? Nimetumia uzi uleule, sindano ileile. Mimi ndiye niliyekufundisha kushona, au umesahau?"

"Atajua."

"Acha kujitisha."

"Mama, atajua!"

Mume wangu akatoka bafuni na mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni. Nikaona mwokozi. Huyu mtu hajawahi kutofautisha pazia na shuka.

"Njoo, baba watoto. Tazama hii blauzi. Unaona tofauti yoyote?"

"Nzuri," akasema.

"Umesikia?"

"Baba, njoo nayo dirishani," Shoto akamwambia.

Akaipeleka dirishani, akaigeuza hivi na hivi, kisha akagusa kwa kidole. "Hili la chini limelowa?"

Halikuwa limelowa. Kila X ina mistari miwili, wa chini na wa juu, na ule wa juu ndio unaoshika mwanga. Mimi ninayeshona kwa kulia, wa juu huulaza upande mmoja. Shoto huulaza upande wa pili. Ukiziangalia X kwa karibu ni zilezile. Ukiziweka kwenye mwanga, majani matano yanang'aa na la sita limefifia. Mtu mwenye povu mdomoni ameona. Mwenye karakana je?

"Nimekosea nini?" mume wangu akauliza.

"Nenda kasukutue," nikamwambia.

Nilikaa, nikasimama. Nikakunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa. Tangu ana miaka mitatu niliupiga vita mkono ule wa kushoto, kijiko nakikwapua, kalamu naikwapua, mpaka mwalimu wake akaniambia nimwache mtoto. Nikadhani nimemwacha.

"Wewe uliona sitamaliza," Shoto akasema. Safari hii hakupiga kelele, na hapo ndipo iliponiuma. "Sema tu."

"Ndiyo. Niliona hutamaliza."

"Haya. Basi siendi."

"Utakwenda."

"Niende nikaseme nini? Akiniuliza, 'Binti, zote ni zako?' Nidanganye?"

"Usidanganye."

"Nimwambie mama yangu alinishonea? Watacheka mpaka wakojoe."

Nikatazama saa. Kutoa jani taratibu bila kuchana kitambaa, dakika arobaini. Njiani nusu saa. Kulishona upya, saa moja na nusu. Nilipiga hesabu mara mbili, haikuingia hata kwa kusukuma. Nikavuta kile kimkasi kidogo kwenye kopo la nyuzi, nikamnyang'anya Shoto blauzi, nikaigeuza nyuma, nikakata.

"Mama! Unafanya nini?"

"Natoa takataka zangu."

"Utaniachia tundu!"

"Nakuachia nafasi. Nenda na majani matano. Chukua kipande cha wavu, uzi na sindano. Akiuliza la sita liko wapi, mwambie hujalimaliza, kisha ukae hapohapo mbele yake ulishone."

"Mbele ya watu wote?"

"Unaogopa nini? Si mkono wako?"

Alinitazama kama anataka kunijibu vibaya. Mimi niliendelea kukata, na haraka yangu ileile ikanisaliti: ncha ya mkasi ikagusa kitambaa.

"Lete hapa," akasema. "Utanitoboa blauzi."

Nikampa. Akavuta kiti dirishani, akashika mkasi kwa kushoto, akaanza kukata uzi wangu X moja baada ya nyingine na kuunyofoa kwa kibano cha nyusi. Niliinuka mara tatu kumsaidia. Mara zote tatu nilikalia mikono yangu. Vipande vya uzi wa kijani vilimwagika sakafuni, kazi yangu ya jana mchana, wala hakuniangalia.

Alipomaliza alishikiza kipande kipya cha wavu juu ya vitobo, akaikunja blauzi, akaitia kwenye mfuko pamoja na uzi. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Hapana, mama."

Saa tatu kasoro dakika kumi alitoka peke yake. Mimi nikarudi ndani, nikavua viatu, nikatafuta ufagio.